Che Guevara: Tabibu aliyekufa akipigania nchi isiyo yake

USIKU wa kuamkia Aprili 24, 1965, mashua ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma ikielekea ufuo wa Kongo. Ndani yake mlikuwemo kundi dogo la raia wa Cuba, wengi wao weusi, waliokuwa wamepewa majina ya tarakimu za Kiswahili.

Kiongozi wao rasmi, Víctor Dreke, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Wa tatu alikuwa mzungu aliyenyoa ndevu, ambaye wenyeji waliambiwa kuwa ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Huyo aliitwa Tatu.

Wapiganaji waliowapokea katika kambi ya Kibamba hawakujua kwamba Tatu ndiye Ernesto Guevara, maarufu kama Che, aliyekuwa waziri wa viwanda wa Cuba na mmoja wa watu waliokuwa wakisakwa mno na majasusi wa Marekani. Hata Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa kiongozi wa waasi katika eneo hilo, hakuwa ameambiwa kwamba mgeni huyo angekuja yeye mwenyewe.

Mmoja wa Wakongo wa kwanza kufichuliwa siri hiyo alipigwa na butwaa. Badala ya kufurahi, alihofia kwamba ujio huo ungezua kashfa ya kimataifa. Hofu hiyo ilibeba swali lililomwandama Guevara maisha yake yote: je, mtu wa kuja anaweza kuwapigania wenyeji vita vyao?

Guevara alizaliwa Juni 14, 1928, mjini Rosario, Argentina, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake, Ernesto Guevara Lynch na Celia de la Serna, walikuwa watu wa tabaka lililojiweza, ingawa fedha hazikukaa sana mikononi mwao.

Alipokuwa na umri wa miaka miwili alianza kuugua pumu, maradhi ambayo hayakumwacha hadi kaburini. Kwa ajili yake, familia ilihamia Alta Gracia, mji wenye hewa kavu ya milimani. Mtoto aliyekatazwa kucheza akawa mpenzi wa vitabu, na alipopata nguvu akacheza raga kwa ukaidi.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Mnamo 1952, yeye na rafikiye, Alberto Granado, waliizunguka Amerika Kusini, kwanza kwa pikipiki kuukuu na baadaye kwa miguu, malori na mashua. Waliwaona wachimba migodi wa Chile wakiishi kwa dhiki, na huko Peru wakawahudumia wagonjwa wa ukoma katika makao ya San Pablo.

Alipohitimu mnamo 1953, alifunga safari tena na kufika Guatemala, ambako Rais Jacobo Árbenz alikuwa akiwagawia wakulima ardhi. Mnamo Juni 1954, serikali hiyo ilipinduliwa katika njama iliyoandaliwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kijana huyo alikimbilia Mexico akiwa ameshawishika kwamba mageuzi yasiyolindwa kwa bunduki hayadumu.

Huko Mexico ndiko alikokutana na Fidel Castro mnamo Julai 1955. Mcuba huyo alikuwa akipanga kumng'oa dikteta Fulgencio Batista, na Guevara akakubali kujiunga naye kama daktari wa kikosi. Jina Che alilipata kutokana na neno ambalo watu wa Argentina hulitumia kuitana. Kwa maneno mengine, lakabu iliyompa umaarufu ulimwenguni ilikuwa pia alama ya ugeni wake.

Mnamo Novemba 25, 1956, watu 82 waliondoka bandari ya Tuxpan wakiwa wamesongamana katika boti iliyoitwa Granma. Walitua Cuba Desemba 2, na siku tatu baadaye wakashambuliwa na jeshi la Batista mahali paitwapo Alegría de Pío.

Katika purukushani hiyo, Guevara alijikuta mbele ya masanduku mawili, moja la dawa na jingine la risasi. Hakuweza kuyabeba yote. Aliliacha la dawa akachukua la risasi, kisha akajeruhiwa shingoni. Waliosalimika na kukusanyika tena katika milima ya Sierra Maestra walikuwa takriban 20 tu.

Mwaka uliofuata, Castro alimpandisha cheo akawa kamanda. Mnamo Desemba 1958, kikosi chake kiliuteka mji wa Santa Clara na kuiteka treni ya kivita iliyosheheni silaha za serikali. Batista alitoroka nchi Januari 1, 1959, na wiki chache baadaye serikali mpya ikampa Guevara uraia wa Cuba kana kwamba alizaliwa huko.

Ushindi huo ulikuwa na upande wake wa giza. Guevara alisimamia ngome ya La Cabaña jijini Havana, ambako watu wengi waliohusishwa na utawala wa Batista waliuawa kwa kupigwa risasi baada ya kesi za haraka. Wanaomtukuza aghalabu hulipuuza jambo hili, ilhali wapinzani wake hawajalisahau.

Aliongoza Benki Kuu ya taifa hilo na baadaye wizara ya viwanda. Hata hivyo, kazi ya ofisini haikumkalisha raha. Mnamo Desemba 1964, akihutubia Umoja wa Mataifa jijini New York, alilaani vikali uvamizi wa Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani.

Ili kuielewa ghadhabu hiyo, yafaa kukumbuka hali ya Kongo wakati huo. Waziri Mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Januari 1961. Mnamo 1964 wafuasi wake, waliojiita Simba, waliteka eneo kubwa la mashariki. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliunda tume ya upatanisho chini ya Mzee Jomo Kenyatta, na mashauriano yakafanyika jijini Nairobi. Yakiwa bado yanaendelea, makomando wa Ubelgiji walitua Stanleyville mnamo Novemba 1964 wakibebwa na ndege za Marekani, huku serikali ya Moise Tshombe ikisaidiwa na mamluki wa kizungu.

Guevara alizuru mataifa kadhaa ya Afrika na kufika Dar es Salaam Februari 1965. Huko alikutana na Kabila na wapigania uhuru wengine, akapendekeza kwamba wote waunganishe nguvu Kongo. Pendekezo hilo halikuwafurahisha wengi, kwani kila mmoja alitaka msaada upelekwe kwao. Kabila alikubali kupokea wakufunzi wa Cuba, na Guevara akaamua kuja nao.

Miezi saba aliyokaa ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika ilikuwa ya masaibu matupu. Wageni walishikwa na malaria na kuhara mara tu walipowasili. Mnamo Mei, Guevara alipata habari kwamba mama yake alikuwa mahututi, na mwezi huo huo mama huyo akafariki bila mwanawe kumwona. Juni 7, Leonard Mitoudidi, mmoja wa makamanda wachache wa Kongo aliowaheshimu, alizama ziwani na kufa.

Aidha, ilidhihirika kwamba wageni na wenyeji hawakuwa wakipigana vita vya aina moja. Wapiganaji wengi waliamini dawa ya mganga ambayo ingegeuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko: mpiganaji hakupaswa kugusa mwanamke, kuiba wala kuogopa. Yeyote aliyepigwa risasi akafa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, na kwa hivyo imani hiyo haikuweza kamwe kuthibitishwa kuwa ya uongo.

Walipoamriwa kubeba mizigo, baadhi yao walikataa wakisema wao si magari, na baadaye wakaongeza kwamba wao si Wacuba. Kwa mtu aliyeamini kwamba kujitolea ni sifa ya kwanza ya mwanamapinduzi, lilikuwa pigo kusikia jina la Cuba likiwa na maana ya punda wa mizigo.

Guevara alijitahidi kujifunza Kiswahili. Alipewa mwalimu, Freddy Ilanga, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 na ambaye mwanzoni hakujua anamfundisha nani. Ilanga alipelekwa Cuba vita vilipokwisha, akasomea udaktari na kuishi huko hadi alipofariki. Vilevile Guevara aliwatibu wanakijiji, na huenda hiyo ndiyo huduma yake iliyopokelewa bila mashaka.

Shambulio kubwa la kwanza lilifanywa Juni 29 dhidi ya kambi ya Bendera, palipokuwa na mtambo wa kuzalisha umeme. Guevara alitaka waanze na shabaha ndogo lakini hakusikilizwa, wala hakuruhusiwa kwenda vitani. Wakongo na wakimbizi wa Rwanda waliokuwa katika kikosi hicho wengi wao walitawanyika, na Wacuba wanne wakauawa. Shajara iliyopatikana kwa mmoja wa waliokufa iliwafichulia maadui kwamba Cuba imo vitani.

Kabila naye alikuwa akikaa zaidi Dar es Salaam na Kigoma. Alifika kambini mnamo Julai, akashangiliwa, kisha akaondoka baada ya siku chache. Wapiganaji waliona, na wakafanya hesabu yao wenyewe.

Upande wa pili, mamluki wa Mike Hoare walikuwa wakisonga mbele. Walisaidiwa angani na ziwani na Wacuba wengine, waliokimbia utawala wa Castro na kuajiriwa na CIA. Hivyo basi, katika vita hivyo vya Wakongo, watu wa kisiwa kimoja cha mbali walijipata wakiwindana, mmoja akipigania itikadi na mwingine akilipwa mshahara.

Oktoba 3, 1965, Castro aliisoma hadharani barua ya kuaga ambayo Guevara aliiacha Havana. Ndani yake alikuwa amejiuzulu nyadhifa zote na kuukana uraia wa Cuba. Baadaye Guevara aliandika kwamba barua hiyo iliwafanya wenzake msituni waanze kumwona tena kuwa mgeni, kama alivyokuwa siku za mwanzo Sierra Maestra. Alikuwa hana tena nchi ya kurudi kwa heshima, na nchi aliyokuwamo haikumhitaji.

Mwezi huo, Rais Joseph Kasavubu alimfuta kazi Tshombe, na mataifa ya Afrika yakaona kwamba sababu ya kuwaunga mkono waasi imepungua. Tanzania iliwaomba Wacuba wasitishe msaada wao. Novemba 21, wageni hao walivuka ziwa kurudi Kigoma, huku Wakongo wengi waliotaka kupanda mashua wakiachwa ufuoni.

Guevara alijificha katika ubalozi wa Cuba jijini Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, akaandika taarifa ndefu ya vita hivyo. Hakujipamba. Alikiri tangu mwanzo kwamba anasimulia habari za kushindwa, na alijilaumu kwa kuwa mkali mno, kwa kutokijua Kiswahili vya kutosha na kwa kushindwa kuzifikia nyoyo za aliowaongoza. Taarifa hiyo ilikaa makabatini kwa takriban miaka 30 kabla ya kuchapishwa.

Ungedhani funzo hilo lilimwingia. Hata hivyo, Novemba 1966 aliingia Bolivia kwa pasipoti bandia, akiwa amenyolewa nywele za utosini. Kiongozi wa chama cha kikomunisti cha huko, Mario Monje, alimwambia kwamba vita vya Bolivia sharti viongozwe na Mbolivia. Guevara alikataa kukabidhi uongozi, na chama kikamtupa mkono.

Wapiganaji wake walijifunza Kikechua, kumbe wenyeji wa eneo la Ñancahuazú walizungumza Kiguarani. Wakulima hawakujiunga naye, na baadhi walitoa habari zake kwa wanajeshi. Mbili, sahibu yake wa tangu Kongo, aliuawa Julai 30, 1967.

Oktoba 8, 1967, Guevara alijeruhiwa na kukamatwa na wanajeshi waliofunzwa na Wamarekani. Siku iliyofuata, alipigwa risasi katika shule ndogo ya kijiji cha La Higuera, akiwa na umri wa miaka 39. Mikono yake ilikatwa ili itumike kumtambua, na mwili ukazikwa kwa siri karibu na uwanja wa ndege wa Vallegrande.

Mabaki yake yaligunduliwa mwaka wa 1997 na kuzikwa Santa Clara, Cuba. Mwaka huo huo, Laurent Kabila aliingia Kinshasa na kutwaa urais wa Kongo, miaka 32 baada ya mgeni wake kuvuka ziwa akirudi Kigoma. Naye aliuawa kwa risasi Januari 2001.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Cuba mgeni alikuja na mwenyeji akapona, kwa sababu mwenyeji alikuwa tayari amesimama na kumwita. Kongo na Bolivia mgeni alitangulia kuitwa, akakuta kila nyumba ina ugomvi wake na lugha yake. Ujasiri wake hauna shaka, na hakuna aliyempa mshahara ili afe. Lakini kuitoa roho kwa ajili ya watu ni jambo moja. Kuwasikiliza wakisema wanachotaka ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo lililomshinda Tatu.