Mwanafunzi Aliyeanguka Mtihani Mwaka 1820

Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, ofisi yetu hupata wageni wengi. Wazazi huja na furaha, wakitaka majina ya watoto wao yatajwe gazetini, nasi twafurahi pamoja nao. Lakini wako wengine ambao hawaji. Hao wamejifungia nyumbani, hawataki kuonekana njiani wala kanisani. Na katika hao, wanaoumia zaidi si wale waliozoea kuwa wa mwisho, maana wamekwisha kujifunza uvumilivu. Wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, waliosifiwa na walimu, ambao baba zao waliuza ng'ombe ili karo ipatikane, na kijiji kizima kikawa chawatazamia. Siku moja kijana wa namna hiyo hutafuta jina lake katika orodha, akaliona chini sana, au asilione kabisa, akadhani kwamba maisha yake yamekwisha.

Kwa ajili ya vijana hao, na kwa ajili ya wazazi wao, twapenda leo kusimulia habari za John Henry Newman. Kanisa lamheshimu mtu huyu kuwa Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wajua kwamba alikuwa Kardinali na mwandishi mashuhuri. Ni wachache wajuao kwamba, akiwa na umri wa miaka 19, alianguka vibaya katika mtihani ambao watu wote walitazamia kwamba angeushinda.

Newman alizaliwa London, Uingereza, tarehe 21 Februari 1801, mtoto wa kwanza katika watoto sita. Jamaa yake walikuwa Waanglikana, na baba yake alikuwa mwenye sehemu katika benki. Alipofikia miaka 7 alipelekwa shule ya bweni mahali paitwapo Ealing, naye akawa fahari ya shule ile. Mwaka 1816 benki ya baba yake ilifunga milango. Wadai walilipwa, lakini utulivu wa nyumba ulikwisha. Katika mwaka huohuo, akiwa mgonjwa na mpweke shuleni, kijana huyu wa miaka 15 alimgeukia Mungu kwa moyo wake wote, na tangu siku zile hakumwacha tena.

Desemba 1816 aliandikishwa katika chuo cha Trinity huko Oxford, kabla hajatimiza miaka 16. Wenzake walikuwa wakubwa kuliko yeye, na wengi wao walipenda mvinyo kuliko vitabu. Yeye alisoma. Mei 1818 alishindana na wengine na kupata ruzuku ya masomo ya chuo chake, paundi 60 kwa mwaka kwa muda wa miaka 9. Katika nyumba iliyopungukiwa fedha, habari hiyo ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Tangu hapo kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba Newman atapata daraja la kwanza katika mtihani wa shahada, tena katika lugha za kale na katika hisabati pia.

Basi, ukaja mwaka 1820. Wakati wa likizo ndefu wenzake walipokwenda makwao, yeye alibaki chuoni karibu peke yake. Alisoma kiasi cha saa 12 kila siku, na siku aliyopunguza aliilipa siku ya pili yake kwa kuzidisha. Hakuwa na mtu wa kumwongoza vizuri, wa kumwambia kipi kisomwe na kipi kiachwe, wala wa kumwamuru alale. Moyoni mwake mlikuwa na vita. Alitamani sana sifa, na papo hapo aliogopa kuitamani. Alimwomba Mungu asimpe heshima ile kama ingekuwa sababu ya dhambi kwake. Ni sala ngumu kwa kijana, nasi hatudhani kwamba wengi wetu tumethubutu kuisali usiku wa kuamkia mtihani.

Mwishoni mwa Novemba aliitwa mbele ya watahini siku moja kabla ya ile aliyoitazamia. Nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Akili iliyokuwa kali kama wembe ilikuwa imechoka, na yale aliyoyajua yalimtoroka. Alijaribu tena na tena kwa siku kadhaa, mwisho ikambidi kujitoa, akiwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba amepata shahada yenyewe. Orodha ilipotoka, upande wa hisabati jina lake halikuwapo. Upande wa lugha za kale lilikuwa katika daraja la pili, tena katika sehemu yake ya chini.

Jioni ile aliwaandikia wazazi wake. Hakumlaumu mtahini wala mwalimu, wala hakutafuta kisingizio. Aliwaeleza wazi kwamba ameshindwa, na kwamba kinachomuuma si aibu yake mwenyewe bali huzuni atakayowatia wao. Nao wazazi walimjibu namna gani? Twaomba kila baba na kila mama asome hapa polepole. Baba huyu alikuwa amepata hasara katika kazi yake, na mwana huyu alikuwa tumaini lake kubwa. Wangeweza kumhesabia gharama walizozitoa. La, hawakufanya hivyo. Walimwambia kwamba wameridhika na juhudi yake, na kwamba imempasa kungoja kwa saburi na kwa uchangamfu matunda yatakayokuja kwa wakati wake. Twaamini kwamba barua ile ilimwokoa mtoto wao. Mzazi amwambiaye mtoto aliyeshindwa kwamba fedha zimepotea bure, amwongezea jeraha juu ya jeraha.

Ruzuku yake ilikuwa haijakwisha, kwa hiyo alibaki Oxford, akajipatia riziki kwa kuwafundisha wanafunzi wachache. Baba yake alikuwa amemwandikisha London ili awe mwanasheria. Lakini sasa njia ile ilionekana kuwa na giza, na mwanzoni mwa mwaka 1822 ilikatwa shauri kwamba atashika utumishi wa kanisa lao. Katikati ya hayo, Novemba 1821, baba yake alifilisika kabisa. John Henry, mwenye miaka 20 na mtihani ulioharibika, akajitwisha pia mzigo wa kumsomesha mdogo wake Francis.

Huko Oxford palikuwa na chuo cha Oriel, ambacho wakati ule kilisifiwa kwa akili kupita vyuo vyote. Chuo hicho kilichagua wasomi wachache wawe washirika wake, wapate makao, posho na kazi ya kufundisha. Mtu aliyepata daraja la pili la chini kuomba nafasi pale lilikuwa jambo la kushangaza, na wengine waliliona kuwa upumbavu. Lakini wakubwa wa Oriel hawakutazama sana orodha ya madaraja. Walitunga mtihani wao wenyewe, wakitafuta mtu awezaye kufikiri, si mtu aliyejaza kichwa tu.

Mtihani ule ulifanywa Aprili 1822, ukachukua siku nyingi. Katikati yake maradhi na hofu za mwaka 1820 zilirudi. Newman aliumwa, akaona mambo ni yaleyale, akawa karibu kujitoa. Wakati huohuo wakubwa wa Oriel walikuwa wamekwenda Trinity kuulizia kwa siri habari zake, maana kazi yake iliwapendeza. Thomas Short, mwalimu wake wa zamani, alimwita nyumbani kwake, akamkalisha mezani, akamsikiliza, akamtia moyo bila kumfunulia siri ile. Kijana akala, akatulia, akarudi mtihanini. Tujiulize sisi tulio walimu: je, siku ile Short angekuwa na haraka, au angemkumbuka Newman kuwa ni yule tu aliyekitia aibu chuo chake, ingekuwaje?

Ijumaa tarehe 12 Aprili 1822 mtumishi alitumwa kumpasha habari ya kuchaguliwa kwake. Alimkuta Newman akipiga fidla chumbani. Mtumishi alipotoa ujumbe, kijana aliitikia kwa utulivu na kuendelea kupiga, hata yule mtu akashuku kwamba amekosea chumba. Lakini alipokwisha kutoka tu, Newman aliitupa fidla, akashuka ngazi mbio kwenda Oriel. Baadaye katika maisha yake aliihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku kubwa kuliko zote.

Msomaji asidhani kwamba twataka kusimulia hekaya ya kushinda baada ya kushindwa, kisha tunyamaze. Habari haiishi hapo. Mdogo wake Francis, aliyesomeshwa kwa jasho la kaka yake, mwaka 1826 alipata daraja la kwanza mara mbili, lilelile ambalo kaka alilikosa. Mwaka 1827 Newman mwenyewe aliwekwa kuwa mtahini wa chuo kikuu, na Novemba mwaka huo aliugua ghafula katika kazi hiyohiyo, asiweze kuendelea. Januari 1828 dada yake mpenzi Mary alifariki dunia. Baadaye alikiri kwamba katika miaka ile ya heshima alikuwa ameanza kuithamini akili kuliko utakatifu, na kwamba ugonjwa na msiba ndivyo vilivyomwamsha. Twaona basi kwamba mtihani ulioharibika haukuwa hatari kubwa kwa roho yake kama ule uliofaulu. Sala yake ya mwaka 1820 ilikuwa na maana kuliko alivyojua.

Yaliyofuata yajulikana. Alitafuta ukweli miaka mingi, na tarehe 9 Oktoba 1845 huko Littlemore alipokewa katika Kanisa Katoliki na Padre Dominic Barberi. Kwa hatua hiyo alipoteza Oxford yake, marafiki wengi na jina jema mbele ya nchi yake. Alipata Daraja ya upadre huko Roma mwaka 1847, akaanzisha nyumba ya Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri karibu na Birmingham mwaka 1848. Aliwekwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki huko Dublin kuanzia mwaka 1854, lakini mwaka 1858 akajiuzulu, kazi haijatengemaa kama alivyotumaini. Kushindwa kulimfuata hata uzeeni, lakini kulimkuta mtu aliyekwisha kujifunza kutovunjika.

Desemba 1877 chuo cha Trinity, kilekile alichokihuzunisha kwa matokeo yake, kilimchagua kuwa mshirika wake wa heshima, wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1878 alirudi Oxford baada ya miaka zaidi ya 30. Akamkuta Thomas Short yungali hai, mzee sana, amepofuka macho. Mwaka uliofuata Baba Mtakatifu Leo XIII alimfanya Kardinali. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890. Alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2010, na Mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019. Tarehe 1 Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Hatusemi kwamba kila aangukaye mtihani atakuwa Kardinali. Wala hatusemi kwamba mtihani ni kitu cha kudharauliwa. Newman hakuudharau: aliulilia, kisha akachunguza kosa lake. Alisoma kupita kiasi na bila mpango, akaufika mlango wa mtihani amechoka. Mwanafunzi ajifunze hapo kwamba usingizi na ushauri wa mwalimu ni sehemu ya masomo. Lakini ajifunze zaidi mambo aliyoyafanya Newman baada ya orodha kutoka. Aliwaambia wazazi wake ukweli siku ileile. Hakumsingizia mtu. Alitafuta kazi ndogo ya kumpa riziki. Aliwasaidia waliomhitaji, ingawa yeye mwenyewe alihitaji msaada. Na mlango mwingine ulipoonekana, aliuendea ijapokuwa alitetemeka.

Wewe kijana uliyejifungia chumbani, jina lako latajwa mbele za Mungu hata kama limekosekana katika orodha ile. Fungua mlango, ukaongee na baba yako na mama yako leo hii. Kisha Jumapili njoo kanisani pamoja nao. Wengi wamekukosa.