Paul Ehrlich, munganga aliyetafuta sumu yenye kuponya

Munganga wa Ujerumani Paul Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 61. Swali alilolifuata maisha yake yote lingali linawashughulisha watafiti wa kansa: kwa nini sumu ileile inaua seli moja na kuiacha nyingine?

Ehrlich alizaliwa mwaka wa 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo uko Poland. Akiwa mwanafunzi wa uganga, alisoma utafiti juu ya sumu ya metali ya risasi, ulioonyesha kwamba metali hiyo haienei sawasawa mwilini. Viungo fulani huikusanya kwa wingi, vingine kidogo. Alihitimisha kwamba dawa haiwezi kufanya kazi bila kushikwa kwanza na seli.

Huko Frankfurt alichunguza uvimbe wa kansa katika panya, na mwaka wa 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Élie Metchnikoff kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili.

Wakati huo ugonjwa wa malale uliteketeza vijiji katika bonde la Congo na Uganda. Wagonjwa walitibiwa kwa atoxyl, dawa yenye arseniki, lakini baadhi yao ilipofusha macho. Ehrlich na wenzake walitengeneza mamia ya dawa za jamii hiyo, wakitafuta itakayoua vijidudu bila kumuumiza mgonjwa. Mwaka wa 1909, Mjapani Sahachiro Hata aligundua kwamba dawa nambari 606 inashinda kaswende. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa jina la Salvarsan, ikachukua nafasi ya zebaki.

Hata hivyo, wagonjwa wengine walidhurika na wengine wakafa. Ehrlich alishambuliwa vikali hadi mwisho wa maisha yake.

Baada ya kifo chake, wanasayansi walithibitisha kwamba arseniki hunasa kwenye sulfuri iliyo ndani ya protini. Mwaka wa 1957, watafiti wawili wa Marekani, Marvin Margoshes na Bert Vallee, walipata katika figo ya farasi protini iliyobeba kadmiamu, ambayo baadaye iliitwa metalothioneini. Protini hiyo ina sulfuri nyingi: hutunza zinki na shaba ambazo mwili unazihitaji, na hufunga kadmiamu isilete madhara.

Lakini kinga hiyo inaweza kuisaidia kansa pia. Seli za uvimbe zenye metalothioneini nyingi zinaweza kuinasa cisplatin, dawa ya platini, kabla haijafikia ADN. Kwa upande mwingine, arseniki leo inaponya aina moja ya kansa ya damu: inaishika protini mbovu inayoiendesha kansa hiyo, na seli inaivunja.

Nchini Congo, arseniki ilidumu kwa miaka mingi katika melarsoprol, dawa ya malale iliyoua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20. Vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa zaidi hapa DRC na kukubaliwa mwaka wa 2018, havina arseniki. Vidonge hivyo vilikubaliwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo cha Ehrlich, ambaye alitafuta dawa ya malale isiyomdhuru mgonjwa.