Clessie Cummins, dereva aliyeonyesha faida ya dizeli

Clessie Cummins, ambaye jina lake husomwa kwenye injini za malori mengi, alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1888. Hakusoma sana. Alikuwa dereva na fundi wa mwenye benki William Irwin, ambaye mwaka 1919 alimpa mtaji wa kuunda injini za dizeli. Kwa miaka kumi fedha ziliingia bila faida kurudi. Malori yaliendelea kutumia petroli.

Mwishoni mwa 1929 Cummins alifunga injini yake kwenye gari kuukuu aina ya Packard, akampakia Irwin wakatembee. Tajiri akaridhika, akaongeza fedha. Januari 1930 gari hilo lilifika New York, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa mafuta ya dola 1.38 tu. Mwaka 1931, kwenye mashindano ya Indianapolis, gari lake la dizeli lilimaliza kilomita 800 bila kusimama kujaza mafuta.

Mwaka huohuo lori lake lilishindwa na breki kwenye mteremko wa California, nusura ligongane na treni. Hakusahau. Uzeeni alibuni breki ya injini, inayosaidia malori kuteremka na mzigo hadi leo. Alifariki mwaka 1968.