Frank Hornby: Karani aliyekata bati nyumbani, akawapa watoto reli yao

MTOTO wa Mchikichini hahitaji duka ili apate gari la kuchezea. Waya, kopo la maziwa na ndala iliyokatika vinamtosha. Ndala hukatwa magurudumu, kopo likawa bodi, na waya mrefu ukawa usukani wa kuliongozea akiwa amesimama. Umbali mfupi kutoka hapo, mafundi wa Gerezani hukunja mabati kutwa nzima wakitengeneza majiko na vyombo vingine vya nyumbani.

Kazi ya namna hiyo, ya kukata bati mezani kwa ajili ya mtoto, ndiyo iliyozaa mojawapo ya majina makubwa katika historia ya vitu vya kuchezea duniani. Mwenye jina hilo ni Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza. Hakuwa mhandisi wala hakusomea ufundi. Alikuwa karani wa hesabu.

Hornby alizaliwa Mei 15, 1863, mjini Liverpool. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kuingia katika biashara ya baba yake, ambako alishika kazi ya fedha. Mwaka 1887 alimwoa mwalimu wa shule, Clara Godefroy, na wakajaliwa watoto, wakiwamo wavulana wawili, Roland na Douglas.

Baba yake alipofariki dunia mwaka 1899, biashara ya familia ilifungwa. Hornby akaajiriwa kutunza vitabu vya hesabu vya David Elliott, mfanyabiashara aliyeingiza nyama kutoka nje ya nchi. Mchana alishughulika na tarakimu za tajiri wake, na saa za mapumziko akajifungia katika karakana ndogo nyumbani kwake, akiwatengenezea wanawe madaraja, malori na winchi kwa vipande vya bati.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo linalomkabili kila fundi wa vitu vidogo. Vipande vya winchi vilifaa kwa winchi tu. Watoto walipoichoka na kutaka daraja, kazi ilibidi ianze upya.

Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi. Alikata vipande vya bati vya upana mmoja, akavitoboa matundu yaliyolingana, kila tundu likiwa umbali wa nusu inchi kutoka kwa jingine. Kwa kuwa matundu yalioana, kipande kilichokuwa mkono wa winchi leo kingeweza kuwa nguzo ya daraja kesho. Viliungwa kwa bolti na nati, na vifaa pekee vilivyohitajika ni bisibisi na spana.

Mwanzoni mwa mwaka 1901 aliamua kuulinda uvumbuzi wake kwa hataza. Ada ilimshinda, akalazimika kumkopa mwajiri wake pauni 5. Elliott angeweza kumcheka karani wake aliyecheza na mabati. Badala yake alimkopesha, akampa chumba kilichokuwa wazi jirani na ofisi, kisha akawa mshirika wake.

Mafanikio, hata hivyo, hayakuja upesi. Seti za kwanza ziliingia sokoni mwaka 1902 zikiwa na vipande vya aina 16 na maelekezo ya kutengeneza vitu 12. Profesa Hele-Shaw, mkuu wa idara ya uhandisi katika chuo cha Liverpool, aliuthamini uvumbuzi huo na kuuunga mkono hadharani. Lakini sifa za profesa hazikuleta faida. Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, na hakuna iliyoacha faida. Hesabu hazikugeuka hadi mwaka 1906, faida ya kwanza ilipoonekana, nayo ilikuwa ndogo.

Kwa muda wote huo Hornby aliendelea kuajiriwa. Mwaka 1907 mambo yalimfikisha njia panda. Waliomtengenezea vipande walishindwa kumudu mahitaji, na wateja walikuwa wakingoja. Akiwa na umri wa miaka 44 na familia inayomtegemea, aliacha kazi, akapanga karakana katika mtaa wa Duke kwa mkataba wa miaka mitatu na kuanza kutengeneza vipande mwenyewe. Iwapo watoto wa Liverpool wangechoka na vibati vyake, asingekuwa na mshahara wa kurudia.

Hawakuchoka. Mwezi Septemba mwaka huohuo alisajili jina la Meccano, na mwaka uliofuata kampuni ya jina hilo ikaundwa. Elliott alijiondoa, na Hornby akabaki mmiliki pekee. Kufikia mwaka 1912 alikuwa na ofisi Paris na Berlin, na mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilikuwa tayari katika barabara ya Binns, Liverpool.

Vita Kuu ya Kwanza ilimfungulia mlango mwingine. Kabla ya vita, treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani. Bidhaa hizo zilipokatika, Hornby aliona pengo, na mwaka 1920 akatoa treni zenye jina lake mwenyewe. Vichwa vya treni vilikwenda kwa springi, vikitiwa ufunguo kama saa, juu ya reli zenye upana wa milimita 32. Treni za mwanzo ziliungwa kwa bolti na nati, hivyo mtoto aliweza kuzifungua na kuziunga tena. Mwaka 1925 zikaja za umeme, na mwaka 1934 magari madogo ya chuma yaliyopata umaarufu kwa jina la Dinky Toys.

Mtu huyu hakukosa dosari. Jarida lake, lililoanza mwaka 1916, pamoja na chama alichokianzisha baadaye, viliwalenga wavulana, kana kwamba wasichana hawawezi kushika spana. Siasa nayo hakudumu nayo. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya chama cha Conservative mwaka 1931, na mwaka 1935 hakugombea tena.

Hornby, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofishwa na maradhi ya moyo na kisukari, alifariki dunia Septemba 21, 1936. Hakuishi kuziona treni za Dublo, zilizotoka mwaka 1938 zikitumia reli ya milimita 16.5, takriban nusu ya zile za awali, ili zitoshe juu ya meza ya nyumba ya kawaida.

Kampuni yake haikuwa na maisha marefu kama jina lake. Mwaka 1964 ilichukuliwa na washindani, na mwaka 1979 kiwanda cha barabara ya Binns kikafungwa. Kazi hiyo ikarudi ilikoanzia. Katika nchi mbalimbali, wapenzi wa treni ndogo hujifungia vyumbani kutengeneza kwa idadi ndogo vitu ambavyo viwanda vikubwa haviwezi kupata faida navyo: gurudumu la treni ya zamani, paa la stesheni ya kijiji, au behewa la njia iliyokwishang'olewa. Wengine bado hutoboa matundu ya nusu inchi, ili vipande vyao vioane na vya Hornby.

Dar es Salaam, ilikoanzia Reli ya Kati mwaka 1905, ina treni zake za kuigwa. Zipo zinazopita katika njia ya mita moja, na tangu mwaka 2024 zipo za umeme zinazokwenda Dodoma. Mikono ya kuziiga haijawahi kukosekana Mchikichini. Mtoto anayegeuza kopo kuwa gari anaanzia mahali alipoanzia karani wa Liverpool. Kilichomvusha Hornby kutoka hapo ni pauni 5, chumba kilichokuwa wazi, na tajiri ambaye hakumcheka.