Andreas Stihl: Jina Lililo Ubavuni mwa Msumeno

Ukifika Malaba asubuhi, jua halijawa kali, utakuta foleni ya malori imekwisha kujipanga kulisubiri lango la mpaka, na kandokando ya barabara utaona mbao zimepangwa kwa marefu yake. Si zote zilizopasuliwa upande huu. Nyingi zimevuka kutoka Uganda, na nyingine zimetoka mbali zaidi, katika misitu ya Kongo ya mashariki. Biashara hiyo ilizidi kupata nguvu tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, amri iliyodumu hadi Julai 2023. Basi penye mbao hapakosi wapasua mbao, na penye wapasua mbao hapakosi ubishi.

Ubishi wenyewe, msomaji, ni wa misumeno ya mashine, ambayo wenyeji wa huko huiita pawasoo. Mmoja atakusifia Stihl, ile ya rangi ya chungwa na nyeupe, kwa kuwa spea zake hazimhangaishi. Wa pili hataki kusikia habari hizo. Yeye na Husqvarna ya Sweden ndio chanda na pete, na hoja yake ni bega lake, ambalo asema haliumi tena jioni. Mimi mtu wa pwani, niliyezoea kumwona fundi akibembeleza ubao kwa randa, nilikaa kusikiliza na kikombe cha chai mkononi. Mwisho nikawauliza Stihl ni nini. Mmoja alidhani ni neno la Kiingereza la chuma cha pua, limeandikwa vibaya. Mwingine alidhani ni jina la mji wa Ujerumani. Hakuna aliyejua kwamba ni jina la mtu.

Naam, ni jina la mtu. Andreas Stihl alizaliwa Zurich, nchini Uswisi, tarehe 10 Novemba 1896. Baada ya vita vikuu vya kwanza alisomea uhandisi wa mitambo mjini Eisenach, Ujerumani, na mwaka 1926, akiwa hajatimiza miaka thelathini, alifungua ofisi yake ya uhandisi mjini Stuttgart. Msidhani alianza na misumeno. Alianza na mashine za kufulia nguo na mitambo ya kuwashia moto wa matanuri ya mvuke. Matanuri hayo yalitumika katika viwanda vya kupasulia mbao, na kwa kuwauzia wenye viwanda ndipo macho yake yalipofunguka. Aliona jinsi magogo mazito yalivyokokotwa kutoka msituni mpaka kwenye msumeno. Akajiuliza kwa nini mti ndio uufuate msumeno, na msumeno usiufuate mti ulikosimama.

Mwaka huohuo wa 1926 akatoa msumeno wake wa kwanza wa mnyororo, uliokwenda kwa umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 48, yaani zaidi ya nusu gunia la mahindi, na ulihitaji watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Tena umeme msituni ulikuwa wapi? Mwaka 1929 akatoa wa petroli, kilo 46, nao pia wa watu wawili. Hapa yatupasa tufanye insafu, kwa maana wako wanaomwita Stihl mvumbuzi pekee wa msumeno huu, na sivyo. Mjerumani mwenziwe, Emil Lerp, alikwisha kuujaribu msumeno wa petroli mwaka 1927 katika mlima Dolmar, na kampuni yake ikachukua jina la mlima huo. Hata wazo la mnyororo wenye meno ni la kale kuliko wote wawili: madaktari wa Scotland katika karne ya 18 walikuwa na kimnyororo cha mkono cha kukatia mifupa. Alichokuwa nacho Stihl ni ukaidi. Kila mwaka alirudi kwenye chombo kilekile, akapunguza hapa, akaongeza pale: klachi, kisha njia ya mnyororo kujipaka mafuta wenyewe. Katika miaka ya 1930 misumeno yake ilikuwa inauzwa Urusi na Amerika ya Kaskazini.

Lakini maisha ya mtu hayaandikwi kwa mashine zake tu. Hitler alipotawala, Stihl alijiunga na chama cha Nazi, kisha akaingia katika SS, kikosi kilichobeba sehemu kubwa ya dhambi za utawala ule, akapanda hadi cheo kinacholingana na kapteni. Wakati wa vita mabomu yalikiharibu kiwanda chake cha Cannstatt, na kazi ikahamia Neustadt, karibu na Waiblingen. Vita vilipokwisha, majeshi ya washindi yalimtia kizuizini, na hakutoka ila mwaka 1948. Waliochunguza habari zake walimweka katika daraja la wafuasi, si la wakuu wa maovu. Mimi sioni kwamba daraja hilo linamsafisha. Mtu mwenye akili ya kuona mateso ya mbeba magogo alikuwa na akili ya kutosha kuona mengine yaliyokuwa yakitendeka mbele yake.

Alirudi kwenye karakana, na hapo ndipo ilipotoka kazi iliyomtia katika mikono ya watu wa Busia na Malaba bila wao kumjua. Mwaka 1950 alitoa msumeno wa petroli wa mtu mmoja, kilo 16, wenye kabureta iliyoweza kuzungushwa, hata ukiulaza msumeno ubavu ili uangushe mti, injini haizimiki. Mwaka 1959 ukaja ule ulioitwa Contra, kilo 12, nguvu za farasi 6, usio na giaboksi. Wakataji miti waliugombania. Ajabu ya mambo, ni mwaka huohuo wa 1959 Husqvarna, kampuni iliyoanza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, ilipoingia katika biashara ya misumeno. Kwa hiyo ubishi niliousikia Malaba una umri mkubwa kuliko wabishi wenyewe.

Meno nayo yana kisa chake. Mnyororo wa zamani ulikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, mepesi kuisha makali. Mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu akila gogo, akaona anakwenda kulia na kushoto bila kukwama, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano wa taya za buu yule. Meno ya namna hiyo ndiyo yanayonolewa kwa tupa ya mviringo hadi leo.

Wazee wa upasuaji huko mpakani wanakumbuka msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja ndani ya shimo, akila unga wa mbao. Ilikuwa kazi ya kuvunja kiuno, lakini ulikuwa na mwenzio. Sasa mtu yuko peke yake na mvule, masikio yamezibwa na mngurumo. Anayejua kazi hutazama kwanza kilele kimeinamia wapi na upepo watoka wapi, akasafisha njia ya kukimbilia, ya mshazari kwenda nyuma. Hukata pengo upande wa kuangukia, kiasi cha robo ya unene wa shina. Kisha huzunguka nyuma, akakata juu kidogo ya usawa wa pengo, na hapo hujizuia: huacha ukanda mwembamba usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene, nao ndio bawaba ya kuuongoza mti. Akiumaliza ukanda ule, mti hauna tena wa kuutii. Kabari huzuia shina lisirudi kuubana upanga wa msumeno. Na ncha ya juu ya upanga ikigusa tawi, msumeno wote huruka na kumrudia mwenyewe usoni.

Kwa ajili ya mruko huo, kampuni ya Stihl ilitoa breki ya mnyororo mwaka 1972. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeongoza duniani kwa kuuza misumeno ya aina hii. Andreas Stihl alifariki tarehe 14 Januari 1973, akiwa na miaka 76, na uongozi ukabaki kwa mwanawe, Hans Peter.

Nilipowasimulia wale vijana haya, mwenye Husqvarna alicheka kwamba mwenziwe amebeba mzee wa watu begani. Yule wa Stihl hakujibu. Alikuwa ameuweka msumeno wake juu ya kisiki, ananoa jino baada ya jino. Kikinga cha mbele, ambacho mkono ukikisukuma ndicho huifunga breki, kilikuwa kimevunjika siku nyingi, na mahali pake palikuwa pamefungwa waya. Alikuwa na mti wa kuangusha mchana ule, mkalitusi uliouinamia nyumba.