Anton Wilhelm Amo, Mwana wa Axim na Mwalimu wa Halle

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka wazee wetu wa imani, waliobatizwa wa kwanza katika usharika huu. Sasa naomba ruhusa ya wasomaji, pamoja na wageni wetu wa dayosisi, nirudi nyuma karne mbili hivi kabla yao, kwa Mwafrika mmoja aliyebatizwa Kilutheri na kufundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Katika chuo cha teolojia nilikosoma tulijifunza habari za Wittenberg mwaka hadi mwaka, wala hakuna aliyetutajia jina lake.

Anton Wilhelm Amo alizaliwa mnamo mwaka 1703 hivi karibu na Axim, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Akiwa mtoto wa miaka minne hivi alipelekwa Ulaya kwa meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Magharibi. Wako wasemao alichukuliwa kama mtumwa, na wako wasemao alitumwa ili aandaliwe kuwa mhubiri. Yaliyo hakika ni kwamba alifikishwa kwa mtawala Anton Ulrich wa Braunschweig-Wolfenbüttel, akatolewa kama zawadi. Alibatizwa katika kanisa la jumba la Salzdahlum, akapewa majina ya mtawala na ya mwanawe. Mwaka 1721 alipopata kipaimara, daftari la kanisa lilimwongezea jina Mohre, yaani mtu mweusi. Hata hivyo, yeye mwenyewe alipoanza kuandika vitabu hakuliacha jina Amo, na mara nyingi alijitambulisha kuwa Mwafrika wa Guinea.

Mwaka 1727 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle kusoma sheria. Miaka miwili baadaye, 1729, alifanya mdahalo juu ya haki za Waafrika waliokuwa Ulaya. Alihoji ni kwa kiasi gani mtu mweusi aliyenunuliwa na Wakristo aweza kuhesabiwa mtumwa kwa sheria zilizokubaliwa wakati ule, akikumbusha kwamba wafalme wa Afrika walikuwa zamani chini ya himaya ya Kaizari wa Roma na kulindwa nayo. Andiko hilo limepotea. Katika maandiko yake yote, hilo ndilo ambalo ningetamani zaidi kulishika mkononi.

Halle ya siku zile ilikuwa na kivuli. Mwaka 1723 mwanafalsafa Christian Wolff alikuwa amefukuzwa na mfalme wa Prussia, akapewa saa 48 kuondoka, na waliomshtaki walikuwa wanateolojia, watu wa uamsho na wa sala. Si jambo jepesi kwa mchungaji kuliandika katika kitabu cha kanisa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Amo alihamia Wittenberg mwaka 1730, na mwaka uo huo akapata shahada ya umahiri katika falsafa. Alisoma pia utabibu. Mwaka 1733, mtawala wa Saksonia alipouzuru mji, Amo ndiye aliyeongoza maandamano ya wanafunzi.

Mwaka 1734 alitetea kwa Kilatini tasnifu juu ya kutohisi kwa akili ya mwanadamu. Hiyo ndiyo metafizikia yenyewe, elimu inayouliza kitu ni nini hasa, nyuma ya yale yanayoonekana. Descartes, Mfaransa, alikuwa ametenganisha roho na mwili, kisha akaipa roho uwezo wa kuhisi. Amo aliona hapo pana mgongano. Kuhisi ni kupokea. Anayehisi huguswa na kitu cha nje. Roho haina sehemu wala maungo, haiguswi wala haipenywi, nayo kwa asili yake hutenda tu. Basi itapokeaje? Mwiba ukimchoma mtu shambani, maumivu ni ya mwili ulio hai, na kazi ya akili ni kufahamu na kuamua. Hakumpinga Descartes kwa kuirudisha roho iwe mwili. Alimdai tu ashikamane na msingi wake mwenyewe hadi mwisho. Mimi binafsi sijashawishika kabisa, kwa kuwa Zaburi hunena juu ya nafsi inayohuzunika na kuinama, na ningependa kusikia jibu lake. Lakini hoja yenyewe ni imara, na wengi huikwepa badala ya kuijibu.

Alirudi kufundisha Halle mwaka 1736, akatoa mwaka 1738 kitabu juu ya namna ya kufalsafu kwa kiasi na kwa usahihi, kisha akafundisha Jena kuanzia mwaka 1739. Walinzi wake walikuwa wakifariki mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1747 yalichapwa Halle mashairi ya kumdhihaki kwamba amempenda mwanamke wa Kijerumani na kukataliwa. Muda mfupi baada ya hapo alipanda meli kurudi kwao.

Mwaka 1753 daktari wa meli, David Henri Gallandet, alimkuta Axim akiishi peke yake, na watu wakimhesabu kuwa mwaguzi. Msomi yule wa Kiebrania, Kiyunani na Kilatini alikuwa amemkuta baba yake na dada yake wangali hai. Ndugu yake alikuwa mtumwa Suriname, ng'ambo ya bahari. Baadaye Amo alihamia Shama, kwenye ngome ya Waholanzi ya Mtakatifu Sebastian. Huko alifariki, na kaburi lake liko huko hadi leo, kando ya ngome ambayo watumwa walikuwa wakizuiliwa ndani yake kungoja meli.