Mfahamu Hiram Berdan, Mmarekani ambaye fataki yake inavunja pini za Wamarekani wenzake

Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wengi ambao hawatupi ganda la risasi likishatumika. Wanalisafisha, wanaliwekea fataki mpya, baruti na kichwa, kisha linapigwa tena. Kwao jina Berdan linamaanisha jambo moja: hasara.

Mwenye jina hilo alizaliwa Septemba 6, 1824, Phelps, jimbo la New York. Alikuwa mhandisi wa mitambo, ila sifa yake kubwa ilikuwa shabaha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, aliunda vikosi viwili vya wadunguaji upande wa Kaskazini. Kuingia haikuwa mchezo. Ulipiga risasi 10 kwenye shabaha iliyo mita 180 hivi, na kwa wastani zisiende zaidi ya sentimita 13 kutoka katikati. Waliofaulu walivaa kijani ili wasionekane porini.

Januari 1864 aliacha jeshi, akarudi kwenye ubunifu. Machi 20, 1866 akapata hataza ya fataki yake. Mwaka huohuo, Mwingereza Edward Boxer naye akapata ya kwake.

Tofauti yao ni ndogo mno. Fataki hulipuka ikibanwa kati ya pini ya bunduki na kijifuawe kidogo. Boxer alikiweka kijifuawe ndani ya fataki yenyewe, hivyo ganda likabaki na tundu moja katikati. Berdan alikifanya sehemu ya ganda, na ganda la aina hiyo kwa kawaida huwa na vitundu viwili pembeni.

Sasa shida iko hapa. Ganda likishapigwa hutanuka. Ili lirudi kwenye umbo lake, husukumwa ndani ya kalibu ya chuma. Katikati ya kalibu kuna pini nyembamba inayopita kwenye tundu na kuitoa fataki ya zamani.

Kwa ganda la Boxer, pini inapita bila shida. Kwa la Berdan hakuna tundu katikati, kwa hiyo pini inagonga kijifuawe na kupinda, au inakatika kabisa. Asiyejua analaumu kalibu, ananunua pini nyingine, nayo inavunjika. Kumbe dawa ni kumulika tochi ndani ya ganda kabla ya kuanza. Ukiona tundu moja, endelea. Ukiona mawili, weka pembeni, hilo lina kifaa chake.

Je, Berdan alikosea? Hapana. Fataki yake ni rahisi kutengeneza, na hakuna askari anayeokota maganda vitani. Urusi ilichukua hadi bunduki yake, ikaitwa Berdanka, na majeshi mengi ya Ulaya yakatumia fataki yake. Wamarekani wa kawaida, wanaotaka ganda litumike tena na tena, wakabaki na ya Mwingereza.

Berdan alifariki Machi 31, 1893, Washington, akazikwa Arlington. Aliacha kesi ikiendelea: kampuni yake ilikuwa inaidai serikali malipo ya ubunifu wake uliotumika kwenye bunduki za jeshi. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ikaamua kampuni ilipwe. Haki ilipatikana, ila mwenyewe alikuwa kaburini miaka miwili.